Mgeni wa saa nne usiku na sitara ya nyumba yake

 

Ndugu zetu katika imani, si kawaida ya ukurasa huu kuzungumzia waigizaji. Wapo wanaoona kuwa kuwataja tu ni kuupunguzia heshima ukurasa wa Ijumaa. Lakini mwigizaji wa vichekesho anapoalikwa katika kipindi cha mazungumzo cha usiku, maneno yanayotoka pale hayabaki studio. Asubuhi yake utayasikia ndani ya gari la Machame na la Marangu, utayakuta katika maduka ya karibu na stendi ya Moshi, barazani baada ya swala ya Adhuhuri, na majikoni kwa akina mama wa Njoro, Majengo na Pasua. Tena ukisikiliza vizuri utagundua kuwa kinachozungumzwa ni nadra kuwa mchezo alioigiza. Kinachozungumzwa ni ndoa yake. Aliachwa au aliacha? Mtoto ni wa nani? Kwa nini hajazaa? Mume alimpa nini, na yule wa kwanza alimnyima nini?

Hatutamtaja hapa mwigizaji wetu yeyote wa kike kwa ajili ya majibu aliyotoa katika kiti kile, wala hatutayarudia majibu hayo, kwa sababu kuyarudia ni kuyatangaza mara ya pili. Msomaji anayetazama televisheni anawajua vya kutosha.

Tukumbushane kidogo tulikotoka. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo mzee wa Moshi mwenye umri wa miaka sitini leo alikuwa mtu mzima kabla kioo hiki hakijaingia sebuleni kwake. Katika miaka ya mwanzo, maigizo ya ITV yalitupatia akina Bi Mwenda, Bi Hindu na Bi Chau, wanawake watu wazima waliotuchekesha kwa ukali wa ndimi zao katika michezo ya ndoa, mawifi na wachawi. Familia ilikaa pamoja, bibi na mjukuu, na mchezo ulipokwisha, habari ilikwisha. Hatukumjua Bi Hindu nyumbani kwake, na wala hatukuhitaji kumjua. Baadaye yakaja makundi ya vichekesho ya wanaume watupu au karibu wote, kama lile la Orijino Komedi, ambamo hata nafasi ya mwanamke ilichezwa na mwanamume aliyevaa gauni. Hukumu ya jambo hilo masheikh wamekwisha kuitoa mara nyingi, na kwa ukali unaostahiki. Sisi tunaongeza tu kuwa liliwanyima kazi wanawake wachekeshaji waliokuwapo.

Halafu katika miaka ya 2010 vikashamiri vipindi vya mazungumzo ya usiku. Mfano unaojulikana na wengi ni Mkasi cha EATV, alichokiendesha Salama Jabir, ambacho kilitengenezwa kama maongezi ya saluni. Jina na mandhari vilichaguliwa kwa werevu, maana kila mtu anajua kuwa kiti cha saluni hulegeza ulimi. Mtu aliyeketi pale husema mambo asiyoyasema mahali pengine, akidhani anaongea na mtu mmoja. Tofauti ni kuwa katika saluni ya mtaani wanakusikia watu wanne, na katika saluni ya televisheni inakusikia nchi nzima. Leo mambo yameongezeka tena. Kipindi cha saa nzima hukatwa kipande cha dakika moja, kile chenye swali gumu na machozi au kicheko cha aibu, kikatumwa kwenye simu. Mwenye kuamka Alfajiri anakikuta kimeshafika kabla hajatia udhu.

Ni lazima tuseme wazi, kabla msomaji hajatudhania vingine, kwamba kicheko chenyewe si kosa. Mtume wetu (SAW) alitania. Kisa cha bibi kizee kinajulikana: alimwomba Mtume amwombee aingie Peponi, akaambiwa kuwa vikongwe hawaingii Peponi, na alipoondoka analia, Mtume akaagiza aelezwe kuwa hataingia akiwa kikongwe, kwa kuwa Mwenyezi Mungu atamrudishia ujana. Utani ule ulikuwa kweli tupu. Masharti ndiyo hayo, kwani imepokewa pia katika Abu Dawud na Tirmidhi onyo kali kwa mtu anayesimulia uongo ili watu wacheke. Basi mwanamke mwenye kipaji cha kuchekesha hakuzaliwa na maradhi. Amepewa kitu, na ataulizwa amekitumiaje, kama atakavyoulizwa mwenye sauti nzuri na mwenye mali.

Wala mazungumzo ya usiku hayakuharamishwa yote. Imepokewa na Abu Barza (RA) kwamba Mtume (SAW) alichukia kulala kabla ya Isha na kuongea baada yake. Lakini Imamu Bukhari, katika kitabu cha nyakati za swala, ameweka mlango maalumu juu ya maongezi ya usiku pamoja na mgeni na watu wa nyumbani. Tazama uzuri wa mpangilio huo: mgeni na watu wa nyumbani wametajwa katika mlango mmoja. Mgeni anapewa ruhusa ile ile wanayopewa mke na watoto, kwa sababu kumliwaza ni sehemu ya kumkirimu. Hapa Moshi Isha huadhiniwa karibu saa 2 usiku, na Alfajiri karibu saa 11. Kipindi kinachoanza saa 4 na kumalizika saa 5 kimekula sehemu nzuri ya usiku, hasa kwa mtoto ambaye asubuhi ataamshwa katika baridi ya mlimani kwenda shule. Kanuni za utangazaji huruhusu mambo ya watu wazima usiku kwa hesabu kwamba watoto wamelala. Hesabu hiyo inamtegemea mzazi. Mzazi akimwacha mtoto kwenye zulia mbele ya televisheni mpaka saa 5, asije akailaumu serikali wala kituo.

Na kuna hadithi nyingine ambayo wanawake wa Kiislamu wangenufaika kuisoma kwa utulivu, nayo ni hadithi ya Ummu Zar'. Ndani yake Bibi Aisha (RA) anamsimulia Mtume (SAW) juu ya wanawake kumi na mmoja waliokaa pamoja wakaahidiana kutoficha lolote kuhusu waume zao. Mmoja akamsema wake kuwa ni mzigo, mwingine akaogopa hata kuanza kumweleza asije asimalize, mwingine akamsifu kwa upole. Ni masimulizi marefu yenye ucheshi mwingi, na Mtume aliyasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mkewe neno la mapenzi linalotokana na kisa hicho. Kadhi Iyadh aliandika kitabu kizima kukieleza kisa hiki kimoja. Je, si usengenyaji? Wanazuoni wamejibu kuwa waume wale hawakujulikana kwa msimuliaji wala kwa msikilizaji. Hakuna aliyetoka pale akaenda kumtazama mtu usoni kwa jicho la kumcheka. Kicheko kilibaki, na heshima ya kila nyumba ikabaki.

Hapo ndipo kipindi cha usiku kinapoachana na mila hii. Mtangazaji hatosheki na mume asiye na jina. Anataka jina, anataka mwaka, anataka kujua nani alimfumania nani, na mgeni akisita, anaonyeshwa picha kwenye kioo kikubwa na kuambiwa aseme ni nani huyu.

Ili tusidhani kuwa haya ni maradhi yetu peke yetu, tuangalie kule vilikozaliwa vipindi hivi. Kipindi cha Tonight cha kituo cha NBC nchini Marekani kilianza mwaka 1954, na kuanzia mwaka 1962 hadi 1992 kikaongozwa na Johnny Carson. Mwaka 1965 alialikwa mchekeshaji mwanamke aitwaye Joan Rivers. Usiku ule mmoja ulimfungulia maisha. Alialikwa tena na tena, na mwaka 1983 akafanywa kuwa mwenye kushika kiti cha Carson kila anapokuwa likizo. Vichekesho vyake vilikuwa juu ya sura yake mwenyewe, umri wake, na ndoa yake na mumewe Edgar Rosenberg. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ghala ya bidhaa zake. Mwaka 1986 akakubali kuanzisha kipindi chake katika kituo cha Fox, saa zile zile za Carson, huku mumewe akiwa miongoni mwa watayarishaji. Carson alikasirika na hakusema naye tena mpaka alipofariki mwaka 2005. Mwezi Mei mwaka 1987 Fox ikamwondoa, na Agosti ya mwaka huo huo mume wake akajiua. Katika kile kiti cha Tonight hakurudi ila mwaka 2014, kwa mtangazaji mwingine, miezi michache kabla ya kufa kwake.

Hatusemi kuwa mtu yule alikufa kwa sababu ya utani. Sababu za msiba kama ule anazijua Mwenyezi Mungu. Tunachosema ni kuwa mlango uliofunguliwa kwa usiku mmoja ulifungwa kwa simu moja, na kilichowekwa mezani katika miaka yote ile, yaani nyumba, mume na mwili wa mwanamke, hakikuwa mali ya kituo wala ya mtangazaji, ingawa wao ndio waliopata faida kwanza.

Wahenga wetu wana msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba za kawaida maana yake ni kuwa mgeni huja na baraka, na kwa ajili yake hata mwenyeji hula vizuri siku hiyo. Katika vipindi vya usiku msemo huu umechukua maana ambayo wahenga hawakuikusudia. Mwenyeji hupona kweli. Hupata watazamaji, na watazamaji huleta matangazo ya sabuni na ya simu. Mgeni hurudi nyumbani saa 6 usiku akiwa amepewa shukrani na fulana, na asubuhi mama mkwe anapiga simu.

Linganisha na ukarimu tuliofundishwa. Alikuja mgeni kwa Mtume (SAW) na nyumbani mwake hapakuwa na kitu ila maji. Ansari mmoja akamchukua kwake, na chakula kilichokuwapo kilikuwa cha watoto tu. Mume na mke wakawalaza watoto, wakaizima taa kana kwamba wanaitengeneza, wakajifanya wanakula naye gizani ili mgeni ashibe asijue kuwa wao wamelala na njaa. Kisa hiki kinatajwa na wafasiri katika sababu za kuteremka aya ya tisa ya Suratul Hashr. Mwenyeji yule alizima taa ili kuuficha udhaifu wa nyumba yake na kumhifadhi mgeni wake asione haya. Mwenyeji wetu wa saa 4 usiku anawasha taa nne zenye nguvu, anazielekeza usoni kwa mgeni, kisha anamwuliza juu ya talaka yake.

Kuna wanaosema: lakini mgeni amekubali mwenyewe, tena amefurahi kualikwa. Ni kweli, na lawama yake ipo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba umma wote ni wenye kusamehewa ila wanaojitangaza, na mfano uliotolewa ni wa mtu aliyefanya jambo usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kisha kulipokucha akaivua mwenyewe sitara ya Mola wake kwa kuwasimulia watu. Onyo hilo linamhusu mwigizaji, nalo linamhusu pia kijana wa kahawani anayesimulia ushujaa wake wa jana. Tukumbuke vilevile kuwa katika hadithi ya Abu Said al-Khudri iliyomo katika Muslim, anayetajwa kuwa miongoni mwa watu waovu zaidi Siku ya Kiyama ni mwanamume anayekaa faragha na mkewe kisha akaitoa siri yake. Sikuzote tunaisoma hadithi hii tukimfikiria mwanamke mwenye domo. Hebu tuisome kama ilivyo.

Lakini kiti kile kina hila zake, na mzazi anapaswa kuzijua. Katika vipindi vikubwa vya namna hii duniani, mgeni huongea kwanza na watayarishaji kabla ya siku ya kurekodi. Huulizwa visa vya maisha yake, vinavyofaa vikaandikwa, na mtangazaji huingia akijua aulize nini. Kinachoonekana kama maongezi ya ghafla mara nyingi kimepangwa, na kipande kinachokusudiwa kuwashtua watazamaji huachwa mwisho ili watu wasibadili kituo. Msichana wa miaka ishirini na miwili aliyetoka Kiboriloni kwenda Dar es Salaam kutafuta jina, akiwa na filamu mpya ya kuuza, anaingia mahali pale bila kujua kuwa anayechekesha usiku huo si yeye.

Na madhara yake kwetu huku mlimani yana sura yake. Kilimanjaro ni mahali pa koo. Waislamu wa Machame, wa Old Moshi na wa Ugweno wana wajomba na mashangazi walio Wakristo, na Desemba ikifika, aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi hupanda nyumbani, hata kama sikukuu yenyewe si yake, kwa sababu ndiyo siku ukoo unapoonana. Neno alilolisema binti katika televisheni mwezi wa Agosti humsubiri hapo. Linamsubiri pia mwanawe. Mtoto wa darasa la nne hajui mashabiki wala umaarufu. Anachojua ni kuwa wenzake madrasani wamecheka jina la baba yake. Mwanamke aliyepewa talaka anayo haki ya kudai matunzo kwa kadhi, kwa wazee na mahakamani, na asinyamaze mbele ya dhuluma, kwani hata Mola wetu anamruhusu aliyedhulumiwa kupaza sauti. Kipindi cha vichekesho hakiwezi kumwagiza mtu atoe matunzo.

Sasa tuje kwa sisi tunaotazama, kwani bila sisi biashara hii haina mnunuzi. Suratul Hujurat, katika aya mbili zinazofuatana, imekataza kudharauliana kwa kicheko, ikiwataja wanaume na wanawake kila kundi kwa jina lake, ikakataza kupeana majina mabaya, dhana mbaya, kupeleleza na kusengenyana. Kipande kimoja cha dakika moja kinachosambazwa kwenye kundi la simu la familia kinaweza kuyakusanya yote hayo. Na watumaji, tusifichane, wamo waliotoka msikitini sasa hivi. Husindikiza kipande hicho na neno la kulaani, eti wanakemea. Bwana mmoja aitwaye Hazzal ndiye aliyemshauri Maiz aende kukiri dhambi yake mbele ya Mtume (SAW). Mtume alimwambia Hazzal kuwa lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa heri kwake. Maiz alikuwa amekosa kweli, na Hazzal hakuzua neno. Bado aliambiwa hivyo.

Kwa hiyo msomaji anayetuandikia kutaka ukurasa huu uwataje na kuwalaani waigizaji wa kike mmoja mmoja, ajue kuwa hatutafanya. Suala la mavazi na mchanganyiko lina mlango wake, na hukumu zake hazijabadilika.

Tunachowaomba wazazi wa Moshi ni vitu vidogo. Televisheni izimwe baada ya taarifa ya habari siku za shule, na baba awe wa kwanza kuondoka mbele yake. Kipande kikifika kwenye simu, kifutwe bila maelezo. Na yule mwenye binti, mke au dada katika kazi hii, asimtupe kwa kuwa tu ameichagua. Akae naye kabla hajaenda studio, wakubaliane maneno ya kujibu. Mchekeshaji hodari anaweza kulipinda swali la aibu kwa utani mmoja, watu wakacheka na siri ikabaki ndani. Hiyo ni sehemu ya ufundi wake, na wanazuoni wamekubali kauli ya kuzunguka pale ambapo kusema wazi kuna madhara na uongo haujasemwa.

Mambo ya karatasi pia tusiyadharau. Amri Athumani wa Tanga, tuliyemjua kwa jina la King Majuto, aliichekesha nchi hii kwa miongo kadhaa. Alipougua, mwaka 2018, mikataba yake ya filamu na matangazo ilibidi ifuatiliwe na wanasheria kwa agizo la waziri mwenye dhamana ya habari na sanaa, wakati huo Dk. Harrison Mwakyembe. Mzee wetu alifariki Agosti 8 mwaka huo huo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kama mwanamume mtu mzima mwenye jina kubwa kiasi kile alihitaji msaada huo, binti anayeanza anauhitaji zaidi. Kabla hajakaa katika kiti cha saa 4 usiku, walii wake au ndugu anayejua kusoma mikataba aulize kwa maandishi: maswali ya ndoa na watoto yataulizwa au hayataulizwa, nani ana ruhusa ya kukata vipande na kuvituma, na je, akisema neno kwa kuteleza, anaweza kuomba lifutwe kabla ya kurushwa. Kituo kikikataa kujibu, binti ana kazi nyingine za kufanya usiku huo.